Kiwango cha Seva ya Zamani

Seva ya tatu ilizimika asubuhi, chai ikiwa bado mezani, na katika nyumba nne za uwanda ule wa baridi watu wanne wakanyamaza katikati ya sentensi.

Sekela Mwaisumo hakuwaona wakinyamaza. Alichoona ni taa nne kwenye kioo cha chumba chake zikigeuka kutoka kijani kuwa nyekundu. Akasukuma kikombe pembeni na kuanza kuwatafutia pa kukaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika kituo cha Lwangilo: kuamua nani akae kwenye seva ipi.

Mtu aliyepigwa na kiharusi kikali na kufikishwa Lwangilo akiwa hai alipandikizwa kifaa kidogo nyuma ya sikio. Tangu siku hiyo, kazi ya sehemu ya ubongo wake iliyokufa ilifanywa na mashine pepe, mashine isiyo na chuma chake yenyewe, inayokaa ndani ya seva pamoja na wenzake kama familia kadhaa zilizopanga nyumba moja. Watu wa huko waliiita kijazio. Kijazio ndicho kilichomwezesha mtu kumeza uji, kutamka jina la mkewe, kujua mguu wake wa kulia uko wapi. Mtu mwenyewe hakujua kijazio chake kiko wapi, wala hakuwa na haja ya kujua.

Wa kwanza Sekela alimbana kwenye seva ya kwanza. Wa pili na wa tatu aliwasogeza ya nne, ambayo ilianza kulalamika kwa joto. Wa nne alikosa pa kwenda. Kabati la zamani, zilimokuwa seva hizo, lilikuwa limebakiwa na seva tatu tu zinazopumua, zote zimejaa hadi mlangoni, na kabati jipya, lile la upande wa dirisha, halikuwa na hata upenyo. Alijaribu kila moja, akarudia. Alipunguza hiki, akasogeza kile, mpaka hatimaye pakapatikana nafasi finyu na taa ya nne ikageuka kijani tena.

Lakini huyo wa nne, Rahel Tweve, mama wa watoto watatu, alikuwa jikoni kwake akinywa uji wakati koo lake liliposahau kumeza. Mumewe alikuwa nje anapasua kuni. Alipoingia na mzigo mikononi, mkewe alikuwa ameshalala sakafuni.

Taa ilikaa kijani kwa muda mfupi, kisha ikazimika kabisa. Sekela aliitazama hadi chai ikapoa.

*

"Seva mpya zitafika lini?" aliuliza.

Daktari Ng'umbi, mkuu wa kituo, alikuwa amesimama dirishani akifuta miwani yake kwa ncha ya koti. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimfanya awe mgumu kushikika.

"Baada ya masika, wakifanya haraka. Kiwanda kilichotengeneza zile za zamani hakipo tena. Vipuri hakuna."

"Na kuwahamishia kituo kingine?"

"Unajua mwenyewe. Seva ikiwa mbali na mtu, maneno yanachelewa. Atajing'ata ulimi, ataanguka kwenye ngazi." Akavaa miwani. "Zilizobaki zitaendelea mpaka lini?"

"Ya nne haitafika mwisho wa mwezi. Ikianguka, nyingine mbili hazitaweza kubeba watu wake."

"Wote wa kabati la zamani ni wangapi?"

"Kumi na tisa. Walikuwa ishirini hadi juzi."

Wote wawili walijua dawa iko wapi, na kila mmoja alimngoja mwenzake aitaje.

Kijazio, kila kinapoamka, kwanza hutazama prosesa, ubongo wa seva iliyo chini yake, kikajua inaweza kufanya nini, na tangu hapo huitegemea. Kilichoamkia kwenye seva ya zamani kinaweza kuhamia kwenye mpya bila shida, kwa kuwa mpya inajua yote yanayojulikana na ya zamani. Kilichoamkia kwenye mpya hakiwezi kushuka. Ukikishusha kitaomba amri ambayo prosesa ya zamani haijawahi kuisikia, na mtu ataanguka hapo hapo alipo. Na amri kubwa kuliko zote walizokuwa nazo wale wa kabati jipya ni ile ya sura. Waliweza kutazama uso wa mtu na kumjua. Wale wa zamani hawakuweza. Waliona macho, pua, mdomo, kila kitu mahali pake, lakini havikuungana kuwa mtu. Waliwajua ndugu zao kwa sauti, kwa mwendo, kwa koti.

Sura zilikula nafasi nyingi. Kijazio kimoja cha kisasa kilikaa mahali pa vijazio viwili vya zamani.

"Tukiweka kabati lote jipya kwenye kiwango cha zamani, lijifanye haliijui amri ya sura," Sekela alisema hatimaye, "wote watatosha. Na seva yoyote ikianguka, ya zamani au mpya, watu wake watakuwa na pa kukimbilia. Itabidi tuwazime wale sitini wa kabati jipya na kuwaamsha upya. Hapa hapa, wamelazwa, wakiwa kwenye mashine ya kupumulia. Hawatakufa."

"Ila sura."

"Sura zote walizojifunza zimeandikwa kwa namna ambayo kiwango cha zamani hakiwezi kuisoma. Zitafutika. Hata tukiwapandisha tena mwakani wataanza upya, na wale watakaokuwa mbele yao wakati huo."

"Na waliokufa..."

"Waliokufa watabaki majina."

Ng'umbi alikohoa. "Mama yako yuko seva gani?"

"Kabati jipya. Ya nne, ya mwisho."

"Pole, Sekela." Alikwenda hadi mlangoni, akasimama. "Utaratibu unampa anayepanga seva uamuzi. Utakachoamua nitakitia saini. Sitakuuliza."

Akatoka. Sekela alibaki akifikiri kwamba mtu akikwambia hatakuuliza, anakuwa amekuachia mzigo wote.

*

Walimzika Rahel kwenye mteremko wa misonobari, ukungu ukiwa umeshuka hadi chini ya magoti. Baada ya maziko Sekela alimwona Ezekia Chaula amesimama pembeni, kofia mkononi. Chaula alikuwa fundi seremala, na ndiye mtu wa kwanza kabisa kukubali kijazio, enzi ambazo hakuna aliyejua kama mtu ataamka. Mkewe, Bi. Yunisi, alikuwa amemshika kiwiko.

"Kamwene, mzee Chaula."

Alimgeukia, akamtazama usoni bila dalili yoyote ya kumjua, kisha sauti ikamfikia na uso wake ukafunguka. "Ah! Sekela. Kamwene, mwanangu. Leo umevaa koti geni, umenipoteza."

"Nimekuja kukuuliza jambo."

Alimweleza yote, kwa sauti ya chini, pale pale makaburini. Hakuwa na hakika kama anaruhusiwa. Chaula alisikiliza huku akizungusha kofia yake vidoleni.

"Usifanye," alisema. "Mimi nimeishi. Nilipaswa kuwa nimekufa miaka tisa iliyopita. Nimepiga randa mbao ambazo siwezi kuzihesabu, nimeozesha mabinti wawili. Kuishi bila sura si kazi ndogo, mwanangu. Siku ya harusi ya binti yangu mdogo nilimkumbatia shoga yake nikalia, watu wote wakitazama. Usiwape watu sitini kitu hicho kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako peke yako."

"Basi waulize na wengine. Mimi jibu langu ni hilo."

Bi. Yunisi alimfunga mumewe vifungo vya koti. Walipoanza kuteremka alimwacha mumewe atangulie, akamshika Sekela mkono kwa nguvu.

"Yeye anasema hivyo kwa sababu kufa ni kwake," alisema. "Kubaki ni kwangu. Mimi nimezoea kuingia ndani ya nyumba yangu nikisema 'Ni mimi, Yunisi.' Nasema kila siku, nikitoka sokoni, nikitoka chooni. Wala haijaniua. Hao wengine nao watazoea. Usiniletee mume wangu kwenye jeneza ili mtu fulani aendelee kuonana macho na shangazi yake."

Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetemeka. Kisha akamkimbilia mumewe, akamshika tena kiwiko, kwa kuwa njia ilikuwa na utelezi.

*

Mama yake Sekela, Bi. Tupokile, alikaa naye katika nyumba ya kituo. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye ulimi mwepesi, na kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya kila kitu kabla kijazio hakijamrudishia. Sekela aliikumbuka siku ile ya kwanza, mama alipofumbua macho wodini, akamtazama, akasema, "Mbona umekonda hivi?" Alikuwa amelia hadi wauguzi wakamtoa nje.

Mchana huo mama alikuwa ukumbini anachambua maharage kwenye ungo. Sekela alikaa chini, kwenye mkeka, akamweleza. Mama hakuacha kuchambua. Punje mbovu alizitupa upande mmoja, nzima upande wa pili, mpaka maelezo yakaisha.

"Hapana," alisema.

"Mama, watu kumi na tisa..."

"Nimesikia. Nimekuwa mwalimu, najua kuhesabu." Aliweka ungo pembeni. "Washushe wale wa seva nyingine. Hii yangu iache."

"Nikiiacha hakuna pa kukimbilia. Ile ndiyo inatakiwa ibakiwe na nafasi wazi, seva nyingine ikianguka. Na wewe mwenyewe, ikianguka yako, hutakuwa na pa kwenda. Utakufa, mama."

"Nitakufa nikikujua."

"Utanijua kwa sauti."

"Wewe nitakujua kwa sauti. Baba yako je?"

Sekela aliokota punje iliyodondoka mkekani.

"Baba yako hana sauti tena. Kakaako Ambokile hana sauti. Wako hapa," akagusa paji la uso, "na mimi kila asubuhi kabla sijaamka nawatazama kwanza. Baba yako akiwa na lile shati la chuo, anacheka meno yote. Ambokile na kovu lake la kidevuni. Unataka nifumbe macho nione nini? Pua na mdomo?"

"Tuna picha zao, mama."

"Picha!" Mama alicheka, kicheko kikavu. "Unaniambia mimi sitaweza kuusoma uso, halafu unanipa uso kwenye karatasi. Akili yako iko wapi?"

Ilikuwa kweli, na Sekela aliona aibu kwa kuisema.

"Mwanangu," mama alisema, na sasa sauti ilikuwa imelainika, jambo lililokuwa baya zaidi. "Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Ulipokataa kuolewa na yule wa Tukuyu nilinyamaza. Ulipoacha ualimu ukaenda kwenye mashine zenu nilinyamaza. Leo nakuomba. Wewe ndiye unayepanga nani akae wapi. Nipange mimi pale nilipo, uniache."

Kama angeomba mtu mwingine yeyote, Sekela angekuwa na jibu tayari. Alinyoosha mkono amshike mama goti. Mama alilisogeza.

"Walipokulaza Lwangilo nilisaini kwa niaba yako," Sekela alisema polepole. "Nilisaini kwamba kituo kinaweza kukusogeza."

"Kwa hiyo huniulizi. Unaniarifu."

"Nilitaka kukuuliza."

"Uliza basi."

"Mama, utakubali?"

"Hapana," alisema Bi. Tupokile, akachukua ungo wake na kuingia ndani.

*

Siku zilizofuata Sekela aliijaribu kila njia. Aliandika mpango mmoja ulioshusha seva tatu na kuiacha ya nne. Katika mpango huo kila mtu alipata mahali, mradi hakuna chuma kitakachoharibika tena. Aliutazama mpango ule kwa muda mrefu. Ulikuwa safi. Ng'umbi angeusaini bila kuvua miwani, na hakuna ambaye angejua kwa nini seva ya nne ndiyo iliyobaki na si ya pili.

Kisha akaujaribu kama alivyofundishwa: katika mfano, za zamani zikiwa zimeshakufa zote, akaiangusha moja ya zile tatu zilizoshushwa, atazame nini kinatokea. Taa zikawa nyekundu. Mojawapo ilikuwa ya Chaula. Akajaribu kuangusha nyingine. Zikawa nyekundu taa za watu wengine. Akaiangusha ya nne mpya yenyewe, na watu wake wote wakazimika kwa pamoja, mama akiwa miongoni mwao, na hapakuwa na mahali popote pa kumweka hata mmoja.

Aliufuta, akampelekea Ng'umbi ule wa kushusha seva zote.

Walileta wagonjwa kwa zamu, wachache kila siku, kutoka vijiji vyote. Ndugu waliambiwa waage. Wengine walikuja wamevaa vizuri, kana kwamba wanakwenda kupigwa picha, wakakaa mbele ya wapendwa wao na kutazamwa. Mwanamume mmoja alimshikilia mtoto mchanga mbele ya uso wa mkewe na kumgeuza huku na huku, polepole, hadi muuguzi alipomgusa bega. Mwingine alimtemea Sekela mate miguuni. Hakuyapangusa.

Zamu ya mama ilikuwa ya mwisho. Alikuja mwenyewe kwa miguu, hakukubali kiti cha magurudumu. Alijilaza, akapanga kanga yake miguuni. Tangu siku ya maharage walikuwa hawajazungumza zaidi ya salamu na chakula.

"Niletee uso wako hapa," mama alisema.

Sekela aliinama. Mama alimtazama, na mtazamo ule ulikuwa wa mwalimu anayesahihisha, hauruki mstari. Alitazama paji la uso, nyusi, alama ndogo ya tetekuwanga kwenye shavu. Hakusema amemsamehe. Kisha alifumba macho, midomo ikawa inasogea kidogo, na Sekela alijua hakuwa anasali. Alikuwa na baba na Ambokile.

Alimngoja. Daktari wa usingizi alikuwa amesimama na sindano, akamtazama Sekela; Sekela akatikisa kichwa: bado. Alimngoja mpaka mama akasema, macho yakiwa yamefumbwa bado, "Haya."

Sekela alikwenda kwenye kioo na kuzima kijazio cha mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Asingeweza kumpa mtu mwingine kazi hiyo.

*

Seva ya nne ya kabati la zamani ilikufa kabla mwezi haujaisha, kama alivyosema. Taa zilipepesa nyekundu, zikahama zenyewe, zikarudi kijani kabla hajaweka chini kalamu. Katika karakana yake Ezekia Chaula aliendelea kupiga randa mbao ya mlango, na hakuna aliyemwambia. Watu wote sabini na zaidi wa uwanda ule walimaliza sentensi zao. Ng'umbi alikuja kumpa mkono. Sekela alimpa wake, ukiwa baridi.

Nyumbani mama alikuwa hai. Alipika, alifua, alimeza. Sekela alijifunza kusema "Ni mimi, Sekela" kila alipovuka mlango, na mama aliitika. Lakini hakuwa akitulia. Sekela akikaa naye mezani, mama alikula akiwa ameinamia sahani. Akimsogelea, alirudi nyuma kidogo, kisha akaona haya kwa kurudi nyuma.

Jumapili moja, wakiwa wamekaa sebuleni, mama aliweka chini kitambaa alichokuwa akishona.

"Nikwambie kitu, usiumie," alisema, akitazama ukuta. "Sauti ni yako. Nikiisikia moyo unakwenda kwako. Halafu nainua macho naona mwanamke nisiyemjua anaisema. Kila mara. Kama mtu amekuibia sauti akaja nayo nyumbani kwangu. Najua ni wewe. Najua. Lakini naogopa, Sekela. Nachoka kuogopa."

"Nifanye nini, mama?"

Mama alisita. "Toka nje," alisema kwa upole. "Toka nje, unipigie simu."

Sekela alichukua sweta akatoka. Uani palikuwa na upepo, na nguo kwenye kamba zilikuwa zimekakamaa kwa baridi. Alisimama karibu na karo la kufulia, akabonyeza namba. Ndani simu ikalia. Kupitia dirishani alimwona mama akiiokota na kuiweka sikioni.

"Haloo?"

"Mama, ni mimi."

"Sekela!" Na mama alitabasamu, mabega yakamshuka, akaegemea kiti kama zamani. "Mwanangu! U mzima? Huko uliko kuna baridi?"

"Kuna baridi kidogo."

"Vaa sweta. Nawe hukawii kupata mafua. Haya, niambie, umekula nini leo?"

Sekela alimwambia. Walikuwa wamekula pamoja, sahani moja, lakini alimtajia chakula kimoja kimoja, na mama aliuliza kama viazi vilikuwa vya kwao au vya kununua, akacheka, akaanza kumsimulia habari za jirani. Mara moja aliinua macho dirishani, akamwona mwanamke amesimama uani na simu sikioni. Akamtazama kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mpita njia. Kisha akanyoosha mkono na kuvuta pazia, na kuendelea kuzungumza na mwanawe.